Mchezo wa Kushirikiana: Istilahi Kadhaa na Karata Hamsini

Kuna michezo ambayo wachezaji wote huwa upande mmoja. Hakuna wa kumfunga mwenzake. Wakishinda wameshinda wote, wakishindwa wameshindwa wote, na wanachopambana nacho ni mchezo wenyewe: karata zisizojulikana zitatokaje, kanuni zinazowabana, na nafasi chache za kukosea. Kwa Kiingereza aina hii huitwa "cooperative game". Ilizidi kuingia majumbani baada ya mwaka 2008, Matt Leacock alipotoa Pandemic, ambao ndani yake wachezaji hukimbizana na magonjwa manne yanayosambaa duniani. Napendekeza kwa Kiswahili tuseme mchezo wa kushirikiana. Yapo maneno mengine yaliyo karibu, na nimeyaacha kwa sababu ambazo huonekana vizuri zaidi pale mke na mume wanapokaa mezani kucheza.

Neno la kwanza kuja ulimini ni ushirika. Ni neno zuri, lakini lina kazi tayari. Mtanzania akisikia ushirika anawaza chama: kahawa ya Kilimanjaro na KNCU iliyoanza 1933, mizani, hisa, mkutano mkuu. Mwanachama wa ushirika ana mazao yake, na hulipwa kwa kilo alizopeleka. Katika mchezo tunaousema hakuna kilo za mtu. Hesabu ni moja na ni ya wote.

Shirikishi nalo limeshachukuliwa na walimu. Ufundishaji shirikishi ni ule ambao mwalimu anawaingiza wanafunzi katika somo, yaani yupo mwenye jambo na wapo wanaokaribishwa. Mchezo wa namna hiyo ungekuwa na mwenyeji na wageni.

Linabaki ubia, na hili linanivutia zaidi, kwa kuwa linahusu karata tulizozizoea. Karata zetu za pwani zimebeba majina ya Kireno: kopa, uru, shupaza, pau, hata turufu yenyewe. Mchezo wa wahedusitini ukichezwa na wanne, wawili kwa wawili, kila jozi huziwania pointi 61, nusu ya 120 na moja juu. Hapo kushirikiana kupo, tena kwa hali ya juu, lakini yupo pia wa kufungwa, na furaha ya jozi moja ni huzuni ya jozi ya pili. Mchezo wa aina hiyo ndio ningeuita mchezo wa ubia, maana wabia hugawana faida wanayoipata kwa kushindana na wengine. Wanahisabati nao wana maana yao ya "cooperative game". Tangu John Nash aandike kuhusu jambo hili mwaka 1951, nadharia ya michezo hutenga michezo ambayo wachezaji wanaweza kufunga makubaliano yanayowabana na ile ambayo hawawezi. Hata wakikubaliana, kila mmoja bado anahesabu chake. Huo, kwangu, ni mchezo wa mapatano. Kiingereza kimeibeba maana ya wanahisabati na ile ya mezani kwa neno moja. Kiswahili hakina haja ya kujibana hivyo.

Kushirikiana kunafaa kwa sababu ya mnyambuliko wake. Ile -ana ya kutendana inadai watu wawili na njia mbili: mimi kwako, wewe kwangu. Huwezi kushirikiana peke yako, wala huwezi kushirikiana na mtu anayetii tu. Sijaona mchezo unaoitimiza -ana hiyo kwa ukamilifu kama Hanabi, na ndio ningewapendekezea wawili wanaoanza.

Hanabi ulibuniwa na Mfaransa Antoine Bauza, ukatoka 2010, na mwaka 2013 ukapata Spiel des Jahres, tuzo ya Ujerumani ya mchezo bora wa mwaka. Jina ni la Kijapani, nalo maana yake ni fataki zinazorushwa angani usiku wa sherehe. Ningependa sana kuuita Fataki, lakini Tanzania neno hilo lilishaingia katika kampeni ya redio kama jina la mwanaume mtu mzima anayewarubuni wasichana wadogo, na sitaki kivuli hicho kwenye meza ya wanandoa. Nauacha na jina lake.

Karata ni 50, za rangi tano: nyeupe, nyekundu, bluu, njano na kijani. Katika kila rangi kuna 1 tatu, kisha 2, 3 na 4 mbili mbili, na 5 moja tu. Kazi ya wachezaji ni kujenga mezani safu tano, kila rangi safu yake, kuanzia 1 hadi 5 bila kuruka. Wakicheza wawili, kila mmoja hupewa karata tano, na 40 zinazobaki hulazwa kifudifudi ziwe rundo la kuokotea. Mpaka hapo ni karata za kawaida. Kinachobadilisha kila kitu ni namna ya kuzishika: unazishika zikimtazama mwenzako. Yeye anaziona zako zote, wewe unaziona zake zote, na kila mmoja ni kipofu kwa za kwake.

Zamu yako ikifika unafanya jambo moja kati ya matatu. Unaweza kucheza karata mezani, bila kuiona mpaka umeiweka. Unaweza kuitupa moja. Au unampa mwenzako kidokezo. Kidokezo ni istilahi ya pili ninayotaka tuikubali, kwa maana yake kamili: ni taarifa ya rangi moja au namba moja, na lazima ioneshe kila karata inayohusika. Kama mkeo ana karata mbili nyekundu, huwezi kumwonesha moja na kuinyamazia ya pili. Kila kidokezo kinagharimu kete moja, na kete zipo nane. Zikiisha, hakuna kudokezeana mpaka mmoja atupe karata, ndipo kete moja inarudi. Kukamilisha safu kwa kuweka 5 pia hurudisha kete. Zipo kete nyingine tatu za utambi: kila karata isiyofaa ikiwekwa mezani, moja inakwenda, na ya tatu ikienda fataki zimewalipukia mikononi, mchezo umekwisha.

Kwa kuwa vidokezo ni haba, kila kimoja kinasema zaidi ya maneno yake. Tuseme mezani safu nyekundu imefika 2. Mke anamwambia mumewe, "Mume wangu, hii hapa ni nyekundu," akagusa karata moja. Maneno yamesema rangi peke yake. Lakini mume akijiuliza kwa nini mkewe ametumia kete ya thamani kwa karata hiyo, sasa hivi, atafikia jibu kwamba huenda ni nyekundu 3, icheze. Akiguswa karata na kuambiwa "hii ni tano" wakati hakuna safu iliyokaribia 4, jibu ni jingine: usiitupe, ipo moja tu. Kanuni za mchezo hazijasema lolote kati ya haya. Wawili wameyajenga kwa kila mmoja kuwaza anachowaza mwenzake. Ni kwa sababu hiyo mwaka 2019 watafiti wa DeepMind na Google Brain waliuweka Hanabi mbele ya wenzao kama mtihani mpya wa akili bandia, baada ya mashine kuwashinda mabingwa wa chesi na go. Kumshinda mtu ni hesabu ya namna moja. Kumwelewa mwenza kutokana na maneno machache ni hesabu nyingine.

Hapa inaingia istilahi ya tatu, ya kasoro inayoisumbua michezo mingi ya kushirikiana. Katika Pandemic karibu kila kitu kiko wazi mezani, kwa hiyo mchezaji mwenye uzoefu anaweza kuamua zamu zote: wewe nenda huku, wewe tibu pale. Wengine wanabaki kusogeza vipande. Nashauri tuseme mtu huyo anauhodhi mchezo, kwa kuwa tayari tunasema kuhodhi ardhi na kuhodhi bidhaa. Mabishano ya wanandoa mezani mara nyingi huanzia hapo, na anayehodhi kwa kawaida anaamini kwa dhati kwamba anasaidia. Hanabi huuzuia uhodhi huo kwa umbo lake. Mjuzi hazioni karata zake mwenyewe, anamhitaji mwanagenzi amwoneshe njia. Hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote katika mchezo huu.

Si rahisi kuupata madukani kwetu, ila hilo lisiwazuie. Kata vipande 50 vya karatasi ya manila vilivyo sawa kwa ukubwa, uviandike kwa kalamu za rangi, nyeupe ukiiandika kwa wino mweusi. Hakikisha wino hauonekani kwa nyuma. Vifuniko vinane vya soda vinatosha kuwa kete za vidokezo, na punje tatu za maharage ziwe utambi. Jioni moja ya kazi ya mikono, nayo ifanyeni pamoja.

Kabla ya kugawa karata, kubalianeni mambo mawili tu. La kwanza ni mahali pa karata mpya: iliyookotwa iingie kushoto, ili ya zamani zaidi iwe kulia daima. La pili, anayelazimika kutupa atupe ya kulia kabisa ambayo haijaguswa na kidokezo. Makubaliano haya madogo yanampa mwenzako uwezo wa kujua utakachotupa kabla hujakitupa, na kama pale kulia kuna 5, ataiokoa mapema. Mengine yatakuja yenyewe mkicheza.

Gumu kwa watu waliozoeana ni ukimya. Mume anajua mguno wa mkewe, mke anajua nyusi za mumewe, na mkono ukielekea karata mbaya, pumzi tu inatosha kuonya. Hizo naziita ishara za pembeni, na zikiruhusiwa mchezo umekufa, kwa sababu kete hazina thamani tena. Msigombane juu yake mchezo wa kwanza. Semeni tu, kwa upole, "hiyo ni ya pembeni," kisha mwendelee. Mazungumzo marefu yasubiri karata zikishakwisha, na yasubiriwe kwa hamu: ndipo mnapoulizana kwa nini ulinigusa ile ya bluu, nawe ulidhani nini.

Karata ya mwisho ikishaokotwa, kila mmoja ana zamu moja tu iliyobaki. Jumlisheni karata ya juu ya kila safu. Ukamilifu ni 25, na wanaoanza wasiutarajie. Wakifika 15 wamecheza vizuri sana. Boksi nyingi zina pia rangi ya sita, ya mchanganyiko. Iacheni kando mpaka safu tano ziwe zinakamilika bila punje hata moja ya maharage kuondoka.