Kokoto nyepesi zaweza kuwapunguzia wajenzi mzigo

KATIKA kila mchanganyiko wa zege, saruji na maji huwa sehemu ndogo tu. Kati ya asilimia 60 na 75 ya ujazo wake ni mchanga na kokoto, na ndiyo sababu uzito wa jengo hutegemea pakubwa mawe yaliyotumiwa.

Mita moja ya ujazo ya zege la kawaida huwa na uzito wa kilo 2,400 hivi. Likitengenezwa kwa kokoto nyepesi, uzito huo waweza kushuka hadi kati ya kilo 1,400 na 1,900, na bado likabeba jengo. Mzigo ukipungua, nguzo na misingi nayo huhitaji chuma na zege kidogo.

Mbinu hii si ngeni. Warumi waliojenga hekalu la Pantheon karne ya pili walitumia mawe mazito chini, kisha mawe mepesi ya volkano kileleni. Kuba lake, lenye upana wa mita 43, lingali limesimama.

Nchini Marekani, Stephen Hayde alipata hataza mwaka wa 1918 ya kuchoma mwamba laini wa matope katika tanuri hadi ukafura kama mkate. Kokoto za aina hiyo ziliunda meli ya zege, Selma, iliyoshushwa majini mwaka wa 1919.

Mawe mepesi ya volkano yanapatikana pia katika Bonde la Ufa, yakiwemo maeneo ya Longonot na Menengai. Haya hayahitaji tanuri, kwani volkano ilikwisha kuyafurisha. Kokoto za kuchomwa, kwa upande mwingine, huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 1,000, hivyo hula kuni au mafuta mengi.

Aidha, mawe hayo yakisagwa yaweza kushika nafasi ya sehemu ya mchanga. Hili si jambo dogo Ukambani, ambako mchanga wa mito ya msimu huhifadhi maji ambayo wenyeji huchimbua wakati wa kiangazi. Mchanga ukizolewa, maji nayo hutoweka. Makueni ilipitisha sheria ya kuulinda mwaka wa 2015.

Hata hivyo, wajenzi hawana budi kutahadhari. Kokoto nyepesi zina vitundu vingi vinavyofyonza maji, hivyo hulowekwa kabla ya kuchanganywa, la sivyo zitainyima saruji maji inayohitaji ili igande vyema. Zege lake pia huwa dhaifu kuliko la kawaida iwapo vipimo havikuzingatiwa.

Kwa hivyo, kuta za ndani na matofali ndiyo mahali salama pa kuanzia. Nguzo na sakafu za ghorofa zahitaji mhandisi, na vipande vya zege vilivyopimwa nguvu katika maabara kabla ya ujenzi kuanza.