Balbu za nyumbani, Juba

Balbu za nyumbani, Juba: taa za umeme zinazotumiwa majumbani katika mji mkuu wa Sudan Kusini. Juba haijaungwa na gridi ya nchi jirani. Kituo cha megawati 33 kinachotumia mafuta kilizinduliwa Novemba 2019, na umeme husambazwa na kampuni ya JEDCO. Nyumba nyingi bado hutegemea sola au jenereta.

Matumizi. Uniti 1 ya umeme (kilowati-saa 1) huwasha balbu ya waya ya wati 60 kwa saa 16 na ushee; balbu ya LED ya wati 9, yenye mwanga unaokaribiana, huwaka saa 111.

Kanuni na uchaguzi. Umoja wa Ulaya uliziondoa sokoni balbu nyingi za waya kwa awamu kati ya 2009 na 2012, hatua iliyolalamikiwa na waliotaka mnunuzi aachiwe hiari. Uganda iligawa balbu zinazookoa umeme bila malipo mwaka 2007. Sudan Kusini nayo ina Shirika la Taifa la Viwango, linalohusika na ubora wa bidhaa. Kwa anayetumia sola ndogo, betri yenyewe humchagulia LED, kwa kuwa balbu ya waya ingeimaliza upesi.