Nani Anajua Kusoma? Safari ya Kisomo Tanzania

Usiku wa kuamkia mwaka 1970, Mwalimu Julius Nyerere alilihutubia taifa na kuutangaza mwaka uliokuwa ukiingia kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hoja yake ilikuwa imeanza kusikika tangu Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, mwaka 1964: mtoto anayeingia darasa la kwanza leo atachukua miaka mingi kabla hajainua kijiji chake, ilhali mzazi wake jembe analo mkononi sasa hivi. Nchi ilikuwa na watu wazima wapatao wawili katika kila watatu wasiojua kusoma wala kuandika.

Kabla ya kuwafundisha, ilibidi kwanza kuamua mtu anayejua kusoma ni yupi. Kila zama zilikuwa na jibu lake. Pwani, Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa: barua za Kilwa za mwaka 1711 zimehifadhiwa Goa, India, na upo mswada wa Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728. Kwa watu wa huko, aliyesoma ni aliyepita chuoni akahitimu Kurani. Bara, kwenye vituo vya misheni, msomaji alikuwa yule anayejiandaa kubatizwa. Wajerumani walipofungua shule ya serikali Tanga miaka ya 1890, hatimaye herufi za Kirumi ndizo zilizompa mtu ukarani. Basi mzee aliyeweza kuandika hati ya shamba kwa herufi za Kiarabu akajikuta mbele ya meza ya serikali kama asiyejua kitu.

Jibu la Tanzania huru lilianzia kandokando ya Ziwa Victoria. Mwaka 1968, kwa msaada wa UNESCO, mradi wa majaribio ulianza Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, eneo ambalo leo ni Kagera. Uliitwa kisomo chenye manufaa. Vitabu vyake vilizungumzia pamba, migomba, ng'ombe, uvuvi na maarifa ya nyumbani. Mkulima wa Shinyanga alijifunza silabi kwa majina ya vitu anavyovishika kila siku, na papo hapo akajadiliana na wenzake kuhusu nafasi za kupandia na dawa za wadudu. Kusoma kukawa sehemu ya kazi yake.

Mwaka 1971, chama tawala cha TANU kiliazimia kufuta ujinga wa kutojua kusoma ifikapo mwisho wa 1975. Madarasa yakafunguliwa shuleni, misikitini, makanisani na chini ya miembe. Walimu wengi walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakilipwa posho ndogo. Redio nayo ikaingia kazini: kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza, kusoma vijitabu na kisha kwenda kuchimba vyoo.

Agosti 1975 ukafanyika mtihani wa taifa wenye hatua nne. Aliyefika ya tatu alihesabiwa kuwa anajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Wa hatua ya nne alitakiwa kuweza kusoma gazeti, kuandika ujumbe na kutunza hesabu zake ndogondogo. Idadi ya wasiojua ikashuka hadi asilimia 39, na kufikia 1986 ikatajwa kuwa chini ya asilimia 10.

Sifa ya mafanikio hayo ni halali, na walioifanyia kazi wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa. Lakini miaka ya 1980 uchumi ulipoyumba, karatasi ikaadimika, na magazeti ya vijijini kama Elimu Haina Mwisho, yaliyowapa wahitimu kitu cha kusoma, yakakosa nguvu. Madarasa yakapungua, na watoto walioikosa shule wakakua. Sensa ya 2002 ilikuta karibu watu wazima watatu katika kila kumi hawajui kusoma.

Waanzilishi wa kisomo chenye manufaa walikuwa wamelijua jambo hili mapema: stadi isiyotumika hupotea. Ndiyo maana maktaba za vijijini na magazeti yalikuwa sehemu ya mpango wao tangu awali. Leo tunapohesabu waliomaliza shule na kuridhika, tunarudi nyuma ya kipimo tulichojiwekea wenyewe mwaka 1975. Swali la hatua ya nne ndilo la kuwauliza viongozi wa kila kata: mtu wenu anayejua kusoma, mwezi huu amepata nini cha kusoma? Kata isiyo na gazeti, kitabu wala maktaba inawaandaa wasiojua kusoma wa kesho, hata kama shule zake zimejaa.