Kabila Lililoshonwa San Francisco

Wanaingia wanne, wamefuatana. Kilemba kichwani, maua ya kitambaa juu ya sikio, wanja mzito machoni. Vikuku vimepanda kutoka kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko. Kifuani zimening'inia sarafu, kiunoni mkanda wenye vishada vya sufu na simbi, na chini ya hapo sketi juu ya sketi, tena suruali pana ya marinda ndani yake. Vidoleni wana vitoazi vidogo vya shaba. Hata kabla hawajatikisa kiuno, vazi lenyewe linalia.

Mtazamaji huondoka akiamini ameona ngoma ya tumbo ya kabila fulani la jangwani, waliyoachiwa na mabibi zao. Kabila hilo halipo. Vazi hilo lilianza kuunganishwa California, Marekani, mwaka 1968, na waliolibuni wanajulikana kwa majina.

Wa kwanza ni Jamila Salimpour. Alikuwa binti wa New York ambaye baba yake, Msisilia, aliwahi kufika Misri akiwa baharia, na yeye mwenyewe alifanya kazi katika sarakasi alipokuwa msichana mdogo. Mwaka huo wa 1968 vazi la mcheza tumbo lililovuma duniani lilikuwa lile la kumbi za Cairo: sidiria na mkanda vilivyojaa shanga za kumeta, na sketi laini inayoonyesha mwili. Ukumbi ambao Badia Masabni alifungua Cairo mwaka 1926 ulichangia sana kulieneza, na filamu za Hollywood zikalitia chumvi. Wanafunzi wa Jamila walialikwa kucheza katika tamasha la wazi, lenye vumbi na jua kali, lililoigiza maisha ya Ulaya ya zamani. Vazi la ukumbini lisingefaa hapo. Jamila akaunda kundi, akaliita Bal Anat, akawavika kanzu za mistari, nguo za Misri, mapambo mazito ya fedha, na alama zilizochorwa usoni kwa kufuata chale za wanawake wa Kiamazigh wa Afrika Kaskazini. Baadaye alieleza bila kuficha kwamba sehemu ya onyesho lile ilikuwa ya kweli na sehemu alibuni. Watazamaji waliamini yote.

Masha Archer alikuwa mwanafunzi wake, msanii na mtengenezaji wa vito. Huyu ndiye aliyeleta choli, yaani kile kiblauzi kifupi ambacho wanawake wa Kihindi huvaa na sari, akakiunganisha na kilemba na suruali pana, na vito akavipanga kama mchoraji anavyopanga rangi. Aliiona ngoma hii kuwa sanaa ya heshima na hakutaka ichezwe mikahawani mbele ya watu wanaokula. Mwaka 1974 akampokea msichana wa miaka 14, Carolena Nericcio. Mwaka 1987 Carolena alianzisha kundi lake San Francisco, FatChanceBellyDance. Jina hilo lina kisa: ndilo jibu walilopewa wanaume waliokuwa wakiomba wachezewe faragha. Kwa Kiswahili tungesema: Thubutu!

Ukilijua hilo, vazi unaliona kwa jicho lingine. Kifua kimefunikwa na choli, miguu imefunikwa mara mbili, uso hautabasamu kuomba hela. Tena wachezaji hawakariri mpangilio. Aliye mbele anatoa ishara kwa mkono au bega, wenzake wanamfuata papo hapo, kwa hiyo nguo lazima ikuze kila mwendo uonekane kutoka nyuma. Iangalie sketi. Imeshonwa kwa tabaka, kila tabaka ni refu kuliko la juu yake na limekunjwa marinda ili litoshee, hadi upindo wa chini unafika yadi 10, na nyingine hata yadi 25. Hizo ni karibu mita 23 za upindo kuzunguka mtu mmoja! Akigeuka ghafla, sketi hufunguka kama mwavuli, na akisimama, hurudi kumzunguka miguuni.

Vito ndivyo vinavyonigusa zaidi. Vingi ni vya Kuchi, wafugaji wanaohamahama wa Afghanistan. Baada ya jeshi la Kisovieti kuingia nchini mwao mwaka 1979, mamilioni ya Waafghani walikimbilia nchi jirani, na vito vya wanawake vikauzwa katika masoko ya Peshawar, Pakistan. Kidani kilichokuwa akiba ya familia kikasafiri hadi California, kikafumuliwa, vipande vikashonewa kwenye sidiria inayovaliwa juu ya choli. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa maana ya mwanamke kuvaa akiba yake. Riale ya Maria Theresa ilitumika Zanzibar kama ilivyotumika Oman, Yemen na Ethiopia, gramu 28 zenye mwaka 1780 uliobaki palepale hata kwa sarafu zilizopigwa karne moja baadaye, na wanawake wengi waliitundika shingoni. Simbi nazo ni za bahari yetu. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walizipakia Zanzibar kwa magunia, wakazipeleka Afrika Magharibi zilikokuwa fedha.

Halafu kuna nguo ya Asyut, Misri, inayoitwa telli. Ni wavu wa pamba ambao mshonaji hupitisha ndani yake ukanda mwembamba wa madini, anaukunja, anaukata, anaubana, nukta baada ya nukta, mpaka zitokee nyota, ngamia au mitende. Shali moja ina maelfu ya nukta hizo na huuelemea mkono unaoishika. Bal Anat waliipenda, na bei ya zile kuukuu imepanda tangu hapo.

Kwangu, uzuri wa vazi hili ni wa kweli na ubunifu wa wanawake hawa watatu unastahili heshima yake. Lililokosewa ni jina. Kulihusisha na "kabila" kumewafuta wabunifu wa San Francisco, kumewafuta pia washonaji wa Asyut na mafundi wa Kuchi, kumebaki picha ya jangwa lisilo na mtu. Mwaka 2020 Carolena aliliacha neno hilo, lililokuwa katika jina la mtindo wake, na mtindo huo sasa unaitwa kwa herufi za kundi lake, FCBD.

Basi ukibahatika kuwaona wakicheza, subiri wamalize, kisha muulize mmoja wao kila pambo limetoka wapi na nani alilitengeneza.