Baguio: Mji wa Starehe na Suala la Ardhi

Mkoloni hajengi mji wa starehe bila kutwaa ardhi ya mtu. Baguio, katika milima ya Ufilipino, ilikuwa malisho ya ng'ombe ya Waibaloi. Mwaka 1903 Wamarekani waliifanya makao ya serikali yao wakati wa joto la Manila. Barabara ya kuipandia ilifunguliwa 1905, kwa jasho na maisha ya vibarua. Februari 1909 mahakama ya juu kabisa ya Marekani ilikiri kwamba Mateo Cariño, Mwibaloi, alikuwa na haki juu ya ardhi aliyoirithi. Septemba mwaka huo huo mji ukapewa hati, chini ya meya wa kuteuliwa. Hapa twajifunza: hukumu njema bila madaraka mikononi mwa umma haitoshi.