Chombo na Kitunzo Chake: Historia Fupi ya Pwani ya Horohoro

Wasafiri wengi wanaijua Horohoro kwa forodha iliyo kwenye barabara ya Tanga na Mombasa. Lakini ukielekea mashariki, upande wa Jasini na Moa, unakuta mikoko, miamba ya matumbawe na mkondo wa bahari unaoitenga bara na kisiwa cha Pemba. Historia ya vyombo vya pwani hii kwa kawaida huelezwa kwa kufuata maumbo yake: mtumbwi, mtepe, dau, ngalawa, mashua. Nadhani njia hiyo inaacha jambo kubwa zaidi. Kilichoamua chombo gani kidumu hakikuwa umbo peke yake, bali kitunzo chake: uzi, mafuta, pamba, upo wa kufulia maji, na mkono unaojua kuvitumia. Chombo kilidumu pale ambapo kitunzo chake kilipatikana karibu, na kilitoweka kitunzo kilipokuwa ghali au adimu.

Ushahidi ni wa zamani. Kitabu cha Periplus, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, kinakitaja kisiwa cha Menouthias, ambacho wanahistoria hukihusisha na Pemba, Unguja au Mafia. Kinasema wenyeji walikuwa na vyombo vya kushonwa na mitumbwi ya kuchongwa, wakavua samaki na kasa, na kutega mitego ya kusukwa kwenye milango ya maji. Mtepe ulirithi ufundi huo wa kushona: mbao zake zilifungwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari, na tanga lake lilikuwa mkeka. Ibn Battuta, msafiri aliyefika Mombasa na Kilwa kama mwaka 1331, alieleza faida ya vyombo vya kushonwa alivyoviona katika Bahari ya Hindi: vikigonga mwamba hulegea, ilhali chombo cha misumari huvunjika. Gharama ya ulaini huo ilikuwa kuvuja. Mtepe ulihitaji kufuliwa maji mara kwa mara na kushonwa upya kamba zilipochakaa. Hata hivyo ulidumu karne nyingi, kwa kuwa minazi ilikuwa mlangoni na mikono ya kusokota kamba ilikuwepo.

Kuna watakaopinga kwamba mtepe ulitoweka mwanzoni mwa karne ya 20 kwa sababu ulikuwa duni mbele ya jahazi la misumari. Pingamizi hilo lina ukweli, maana jahazi lilibeba mzigo mkubwa na kuvuja kidogo. Lakini jahazi nalo halikujitunza. Mianya ya mbao zake ilizibwa kwa pamba katika kazi ya kukalafati, tumbo lake likapakwa deheni ya chokaa na shahamu, na mbao zikapakwa sifa, yaani mafuta ya ini la papa. Lililobadilika ni aina ya kitunzo, wala si haja yake. Ngalawa inalithibitisha hilo vizuri zaidi. Mwili wake ni gogo moja, mara nyingi la mwembe, kwa hiyo hauna mianya mingi ya kuziba, na mwembe umepandwa kijijini penyewe. Makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886 yalianzisha mpaka kwenye mlango wa mto Umba na kuwagawa Wadigo wa pwani hii kati ya himaya mbili. Lakini mnazi, mwembe na papa vilibaki pande zote mbili. Mvuvi aliweza kupata kitunzo cha chombo chake upande wowote aliokuwa, na ndiyo maana ngalawa ingali baharini wakati mtepe, uliokuwa mkubwa zaidi yake, umetoweka.

Kipimo hicho kinafaa pia kwa chombo kipya kinachotumika sasa katika fukwe za Afrika Mashariki: ubao wa kujaza upepo, ambao mtu husimama juu yake na kupiga kafi. Msomaji atasema huo ni mchezo wa watalii, hauna undugu na ngalawa ya mtafutaji riziki. Kweli, kazi zake ni tofauti, ila sheria ya kitunzo ni ileile. Ndani ya ubao huo maelfu ya nyuzi huunganisha ngozi ya juu na ya chini, na kwa kawaida ubao hupata ugumu wa kutosha upepo unapofika presha ya paundi 12 hadi 15 kwa inchi ya mraba. Pungufu sana ya hapo ubao hupinda katikati. Pampu ya godoro haifiki presha hiyo. Pampu ndogo ya tairi la gari huifikia, lakini hutoa upepo kidogo mno, ikachelewa na kuchemka. Pampu ya umeme inayofaa hufanya kazi kwa hatua mbili: kwanza upepo mwingi wa presha ndogo, kisha upepo kidogo wa presha kubwa, na hujizima kipimo kinapotimia. Nyingi hutumia volti 12 za gari, na nyingine zina betri zake.

Hapo ndipo historia inapotoa hukumu. Pampu inayotegemea gari haina msaada ufukweni ambako gari halifiki, na mota iliyoingiwa na chumvi haitengenezwi kwa nazi wala kwa papa. Basi anayetaka chombo cha upepo kwa pwani hii aanze kuchagua pampu kabla ya ubao: achague yenye betri yake, aikinge na maji ya bahari, asiache ubao uliojaa pomoni juani maana joto huongeza presha, na daima abebe pampu ya mkono. Chombo ambacho mwenyewe hawezi kukitunza pale alipo si chombo cha kutegemea, hata kiwe kipya namna gani.