Difu na Milima ya Buha

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, ikakomea ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Kasulu na Kibondo zikabaki huko juu, kwenye milima ya Buha. Tangu zama za wapagazi zipite, mizigo ya huko imepanda kwa magari, na kilima, tope jekundu na uzito vyote huishia kwenye ekseli.

Land Rover, iliyoanza kuundwa Uingereza mwaka 1948, ilimfaa fundi aliye mbali na gereji. Kwenye matoleo yake mengi uzito wa nyuma hubebwa na kasha la ekseli, si shafti. Ukifungua bolti sita kwenye habu, shafti inachomoka bila hata kupiga jeki. Tatizo ni kwamba shafti za matoleo ya mwanzo zilikuwa nyembamba. Ikikatika, kipande hunasa ndani ya meno ya difu. Dawa ni kusukumia ndani bomba linalokibana na kukivuta taratibu. Kikikataa, difu nzima inashushwa.

Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na wakimbizi wakamiminika Kigoma. Mwaka 1996 vita vya Zaire vikaleta Wakongo, ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Upande wa Kibondo kulikuwa na Nduta, Mtendeli na Kanembwa. Malori ya chakula na Land Cruiser za mashirika zikawa zinapita barabara za vumbi masika na kiangazi.

Land Cruiser zenye ekseli kama ile ya Land Rover zina kikwazo chake. Chini ya kila nati, kati ya sita, kuna kikoni cha chuma chenye ufa, nacho hukaza barabara. Maji na tope vikiingia, kutu hugandisha kila kitu. Fundi mzoefu halazimishi kwa tindo. Hulegeza nati, hugonga kwa kipande cha shaba mpaka vikoni viruke, kisha hukaza bolti mbili kwenye matundu mawili yenye nyuzi, huku kidogo, kule kidogo, hadi shafti isogee yenyewe. Nyundo nzito ingeharibu beringi.

Nduta ilifunguliwa tena mwaka 2015, Warundi walipokimbia upya. Baadaye lami ilianza kusogea kati ya Kabingo, Kasulu na Manyovu, lakini njia nyingi za vijijini zilibaki za udongo. Kwa hiyo kabla ya kurudisha shafti, fundi hupiga brashi kutu yote na kupaka grisi nyembamba kwenye vikoni, ili atakayeifungua baadaye asihangaike.